Konokono wa Bern

Msomaji, katika mwezi wa Mei mwaka wa 1963 wananchi wa Kenya walipanga foleni mbele ya vituo vya kura, kuchagua serikali ambayo ingewafikisha kwenye Uhuru. Katika foleni zile walikuwamo wanawake: wakulima, wachuuzi wa sokoni, walimu, wauguzi, na akina nyanya wasiojua kusoma wala kuandika. Kila mmoja wao alipiga kura yake, na kura hiyo ilikuwa na uzito ule ule wa kura ya mumewe. Mwezi ule ule, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, mwanamke aliyekuwa na shahada ya sheria hakuwa na ruhusa ya kumchagua hata mbunge mmoja wa taifa lake. Aliambiwa kwamba kazi hiyo ni ya wanaume, na akaendelea kuambiwa hivyo kwa karibu miaka minane mingine.

Habari za wanawake wa Uswisi nazileta mbele yako kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu hudhani kwamba nchi yenye mali, amani na vyuo vya kale haikosi kuwa na haki kwa watu wake wote. Historia hii itatuondolea dhana hiyo. Pili, ni vigumu kupata nchi nyingine inayoonyesha wazi namna hii faida ya maandamano yanayorudi mwaka baada ya mwaka. Watu huyacheka maandamano ya namna hiyo. Husema, "Mwaka jana walipita hapa, mwaka huu wanapita tena, wamepata nini?" Nataka tulijibu swali hilo kwa matukio na tarehe.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Uswisi ni nchi ndogo katikati ya Ulaya, isiyo na pwani, yenye milima mirefu ya theluji. Imegawanyika katika majimbo yaitwayo kantoni, na kila moja lina katiba yake na bunge lake. Watu wa huko hujivunia kwamba hawatawaliwi na mtu, bali hujitawala wenyewe. Katiba ya taifa haiwezi kugeuzwa na wabunge peke yao. Sharti wananchi waulizwe, na sharti mageuzi yakubaliwe na wingi wa wapiga kura na wingi wa majimbo pia. Mpango huu ni mzuri. Walakini ukiutazama kwa makini utaona mtego uliokuwa ndani yake. Maadamu wapiga kura walikuwa wanaume tu, haki ya wanawake ilikuwa katika mikono ya wanaume tu. Katika nchi nyingine ilitosha kuwashawishi wabunge mia chache. Katika Uswisi ilibidi kuwashawishi mamia ya maelfu ya waume, baba na kaka, na kila mmoja alitoa jibu lake kwa siri, mahali ambapo hakuna awezaye kumwuliza sababu.

Katiba ya mwaka wa 1848 ilitamka kwamba Waswisi wote ni sawa mbele ya sheria. Katika Kiswahili tamko kama hilo lingemhusu kila mtu, mke kwa mume. Katika Kijerumani neno lililotumika lina umbo la kiume, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Emilie Kempin-Spyri, aliyekuwa akisomea sheria katika chuo kikuu cha Zürich, aliomba kibali cha kusema mahakamani kwa niaba ya mumewe. Sheria ya Zürich ilitoa kibali hicho kwa mtu mwenye haki ya kupiga kura peke yake. Bibi huyu alidai kwamba neno "Waswisi" katika katiba lilikuwa na wanawake ndani yake. Mwaka wa 1887 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilimjibu kwamba fikira hiyo ilikuwa mpya na ya ujasiri mno, ikalikataa ombi lake. Mwaka ule ule alipata shahada ya udaktari wa sheria, akawa mwanamke wa kwanza wa Uswisi kuipata, na bado hakuweza kuwa wakili katika mji aliosomea.

Mlango wa mahakama ulipofungwa, ilibakia njia ya kuwaomba wananchi. Basi wanawake wakaanza kuunda vyama, kuandika magazeti na kukusanya sahihi. Wakati huo ndugu zao wa nchi nyingine walikuwa wakitafuta njia ya kuunganisha madai yao. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1910 zaidi ya wanawake 100 kutoka nchi 17 walikutana katika mji wa Copenhagen, Denmark. Clara Zetkin wa Ujerumani, pamoja na wenzake, alipendekeza kwamba kila mwaka iwepo siku moja ya wanawake, na kwamba dai kubwa la siku hiyo liwe haki ya kupiga kura. Hawakuweka tarehe. Waliamua tu kwamba siku hiyo irudi kila mwaka, na kwa maoni yangu neno hilo la kurudi ndilo lililokuwa zito kuliko yote yaliyosemwa mkutanoni.

Siku ya kwanza iliadhimishwa tarehe 19 Machi mwaka wa 1911 katika nchi nne: Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi. Watu zaidi ya milioni moja, wanawake kwa wanaume, walijitokeza katika mikutano na maandamano ya nchi hizo. Sasa tazama matokeo yake. Wanawake wa Denmark walipata kura ya bunge mwaka wa 1915. Wale wa Ujerumani na Austria waliipata mwaka wa 1918, vita kuu ya kwanza ilipomalizika na wafalme wao kuondoka. Nchi tatu kati ya nne zilikuwa zimelipa deni katika miaka minane. Ya nne, Uswisi, ililipa baada ya miaka sitini.

Usidhani kwamba wanawake wa Uswisi walilala katika miaka hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1918 wafanyakazi wa nchi nzima waligoma, na katika orodha ya madai yao tisa, dai la pili lilikuwa kura kwa wanawake. Mgomo ulivunjwa, na dai hilo halikutimizwa. Kati ya mwaka wa 1919 na 1921 majimbo kadhaa, yakiwamo Zürich, Geneva na Basel, yaliwauliza wanaume wao kama wangekubali kuwapa wanawake kura katika mambo ya jimbo. Yote yalijibu hapana.

Hapo ndipo tunapokutana na konokono wetu. Mwaka wa 1928 wanawake wa Uswisi walifanya maonyesho makubwa katika mji mkuu wa Bern, ili taifa lione kazi zao mashambani, viwandani, shuleni na nyumbani. Katika maandamano ya ufunguzi wake, wale waliopigania kura walivuta mfano wa konokono mkubwa. Hapakuwa na haja ya hotuba. Kila aliyesimama kando ya barabara alielewa kwamba mnyama yule alikuwa ni mwendo wa haki ya mwanamke katika nchi yake. Wako waliocheka, na wako waliokasirika. Nami nadhani waliokasirika walikuwa wameelewa vizuri zaidi.

Mwaka uliofuata, 1929, wanawake waliwapelekea wabunge ombi lenye sahihi 249,237. Kati yake, sahihi 78,840 zilikuwa za wanaume. Fikiri, msomaji, kazi iliyotumika kukusanya sahihi hizo nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji. Bunge lilipokea ombi, likalikabidhi kwa serikali, na serikali ikaliweka. Ikaja miaka ya njaa ya kazi, ikaja vita kuu ya pili, ikaja amani, na ombi lingali limewekwa. Kila mara wanawake waliambiwa kwamba wakati wenyewe bado. Sisi tuna methali isemayo, "Mvumilivu hula mbivu." Ni methali ya kweli kwa mtu anayengoja tunda alilolipanda mwenyewe. Lakini mtu akimwambia mwenzake avumilie huku yeye mwenyewe anakula tunda hilo, methali hiyo imegeuzwa kuwa kufuli.

Hatimaye, tarehe 1 Februari mwaka wa 1959, wanaume wa taifa zima waliulizwa. Waliosema ndiyo walikuwa 323,727. Waliosema hapana walikuwa 654,939. Yaani, katika kila wanaume watatu waliopiga kura, wawili waliwakatalia mama zao, wake zao na binti zao. Majimbo matatu tu, Vaud, Neuchâtel na Geneva, ndiyo yaliyokubali.

Siku mbili baadaye, katika mji wa Basel, walimu wanawake wapatao hamsini wa shule ya sekondari ya wasichana hawakuingia madarasani. Waligoma kwa siku nzima, wakisema kwamba haiwezekani kumfundisha msichana wajibu wa raia, kisha kumwambia kwamba yeye mwenyewe si raia kamili. Mimi ni mwalimu, na najua ni uzito gani kuliacha darasa bila mwalimu. Hata hivyo naamini kwamba wasichana wale walifundishwa somo kubwa siku ile, ingawa hapakuandikwa neno ubaoni.

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Mtu akishindwa, kwa kawaida hutaka siku ya kushindwa kwake isahauliwe. Wanawake wa Uswisi walifanya kinyume. Waliishika tarehe 1 Februari, siku ile waliyokataliwa, wakaifanya kuwa siku yao. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Zürich walijitokeza katika tarehe hiyo, usiku wa baridi kali, wakapita mitaani na mienge mikononi. Hawakuwa wengi kila mara. Hawakuvunja dirisha wala kumtukana mtu. Walipita, wakaonekana, wakarudi nyumbani. Na mwaka uliofuata walipita tena.

Utaniuliza, je, mienge ile ilimgeuza nani? Nitakujibu kwa mfano wa deni. Mtu akikukopa fedha, nawe ukamdai mara moja kwa sauti kubwa kisha ukanyamaza, baada ya miaka miwili atasema ulimsamehe, na baada ya miaka kumi atasema hakukukopa kamwe. Lakini ukibisha mlango wake kila mwaka katika tarehe ile ile, hata bila kupaza sauti, hawezi kusema kwamba amesahau. Majirani nao watajua kwamba liko deni. Watoto wake watamwuliza ni nani huyu anayekuja kila mwaka. Tarehe inayorudi huifanya dhuluma ikose usingizi. Wenye nguvu wana mahakama, wana bunge, wana askari. Wasio na nguvu huweza kuwa na kalenda.

Mwaka wa 1969 kalenda hiyo ilizaa tunda. Serikali ya Uswisi ilitaka kutia sahihi Mapatano ya Ulaya juu ya Haki za Binadamu, lakini kwa kuweka masharti, kwa sababu nchi ilikuwa haijawapa wanawake kura. Hebu litafakari jambo hilo: nchi inakubali haki za binadamu, isipokuwa haki za nusu ya binadamu wake! Wanawake walighadhibika. Hata hivyo hawakuwa na shauri moja. Viongozi wa vyama vikubwa waliogopa kwamba maandamano makubwa yangewaudhi wale wanaume ambao kura zao zilihitajiwa. Wenzao walijibu kwamba wamewafurahisha wanaume kwa miaka mia moja bila faida. Tusiwalaumu upesi wale walioogopa. Walikuwa wamekwisha shindwa mara nyingi, nao walijua kwamba mlango ulikuwa na ufunguo mmoja tu.

Tarehe 1 Machi mwaka wa 1969 watu wapatao 5,000 waliingia katika uwanja ulio mbele ya Bunge la Bern. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Emilie Lieberherr, mwalimu kutoka Zürich. Alidai haki ya kupiga kura kwa ukamilifu wake, na Mapatano yasitiwe sahihi kabla ya haki hiyo kutolewa. Hakuna waziri hata mmoja aliyetoka nje kuwasikiliza. Ndipo wanawake wakapiga filimbi, maelfu yao kwa pamoja, mpaka uwanja ukajaa mlio. Tangu konokono alipovutwa katika mji ule ule ilikuwa imepita miaka 41.

Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Februari mwaka wa 1971, wanaume wa Uswisi waliulizwa tena. Safari hii 621,109 walisema ndiyo na 323,882 walisema hapana. Linganisha hesabu hizi na zile za mwaka wa 1959, utaona kwamba zilikuwa karibu zimegeuzwa juu chini. Mtu wa historia hana ruhusa ya kutoa sababu moja kwa jambo kubwa kama hilo. Zilikuwapo nyingi. Majimbo kadhaa yalikuwa yamekwisha wapa wanawake kura za nyumbani, na watu wakaona kwamba mbingu hazikuanguka. Aibu ya Mapatano ya Ulaya ilikuwa imeingia. Kizazi kipya kilikuwa kimekua. Lakini sababu zote hizo zilihitaji watu wa kuzishika na kuzionyesha. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka wa 1959, akaona mienge kila majira ya baridi, alikuwa mwenye kura mwaka wa 1971. Methali yetu husema, "Bandu bandu huisha gogo." Hakuna awezaye kuonyesha ni pigo gani la shoka lililoliangusha gogo; anachojua ni kwamba aliyepiga hakuacha kupiga.

Hata hapo kazi haikwisha. Liko jimbo dogo la milimani liitwalo Appenzell Innerrhoden. Wananchi wake hukutana uwanjani mara moja kwa mwaka na kupiga kura kwa kuinua mikono, na mwanamume huja na upanga ubavuni kuwa ishara ya haki yake. Wanaume wa huko waliendelea kuwakatalia wanawake kura katika mambo ya jimbo, na mwezi wa Aprili mwaka wa 1990 walikataa kwa mara nyingine. Mwezi wa Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba katiba haiwaruhusu tena kukataa. Ni mahakama ile ile iliyomwambia Emilie Kempin-Spyri kwamba fikira yake ilikuwa mpya mno. Fikira hiyo ilihitaji miaka 103 ili izoeleke.

Labda utasema, "Basi, kura zimepatikana, maandamano ya nini tena?" Nalo jibu lake liko katika historia. Kura ni ufunguo, haijazi ghala. Mwaka wa 1945 wananchi wa Uswisi walikubali katiba iwe na sharti la kuanzisha bima ya uzazi, ili mama anayejifungua asikose riziki. Sharti liliandikwa, lakini likizo ya uzazi yenye malipo kwa akina mama wafanyakazi wa nchi nzima ilianza mwaka wa 2005. Kadhalika, tarehe 14 Juni mwaka wa 1981, wananchi, wanawake nao sasa wakipiga kura, walikubali katiba itamke kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa, na kwamba wapate mshahara sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ikapita miaka kumi. Katika viwanda vya saa vya bonde la Joux, wanawake wafanyakazi waliitazama mishahara yao wakaona kwamba katiba ilikuwa haijafika pale kiwandani.

Kutoka kwa wanawake hao lilitoka shauri la kugoma, na Christiane Brunner, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, akalieneza kote. Tarehe 14 Juni mwaka wa 1991, siku ile ile ambayo ahadi ilitimiza miaka kumi, wanawake wapatao nusu milioni waliacha kazi au walijiunga na mikutano na maandamano. Waliokuwa hawawezi kuondoka nyumbani walionyesha umoja wao pale pale walipo. Katika nchi ambayo migomo ni nadra sana, jambo hili lilishangaza watu. Sheria ya usawa, iliyoeleza namna mwanamke awezavyo kudai mshahara wake mahakamani, ilianza kazi tarehe 1 Julai mwaka wa 1996.

Tarehe 14 Juni nayo ikawa tarehe ya kukumbukwa. Mwaka wa 2019 wanawake waliitumia kugoma kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili hesabu yao ilikadiriwa kuwa kiasi cha nusu milioni. Tangu hapo maandamano yamefanyika katika miji ya Uswisi kila mwaka tarehe hiyo. Katika uchaguzi uliofanyika miezi minne baada ya mgomo wa 2019, wanawake walipata viti 84 kati ya 200 vya Baraza la Taifa. Mwaka wa 1971 walikuwa wameanza na viti 10. Mwaka wa 2023 walipata viti 77. Basi haki huweza kusonga mbele, na huweza kurudi nyuma pia. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa na siku inayorudi: siku hiyo ni siku ya hesabu, na mwenye duka asiyehesabu mali yake hajui lini ameibiwa.

Iko hatari moja ambayo sina budi kuitaja. Siku ya maandamano ikizoeleka sana huweza kugeuka kuwa sherehe tupu. Siku ya Kimataifa ya Wanawake, ile iliyopendekezwa Copenhagen, imekuwa tarehe 8 Machi katika dunia nzima, na Umoja wa Mataifa uliipokea rasmi katika miaka ya 1970. Huko Urusi siku hiyo mwaka wa 1917 wanawake wa viwanda vya nguo katika mji wa Petrograd waliacha kazi na kudai mkate. Katika muda wa wiki moja mfalme alikuwa amejiuzulu. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1965, serikali ya nchi hiyo iliifanya kuwa siku ya mapumziko, na wengi wakaiona kuwa siku ya kuwapa wanawake maua. Ua si kitu kibaya. Lakini aliyekuja kudai deni, akapewa ua, akashukuru na kwenda zake, hajalipwa.

Sisi wa Kenya tunalo la kujifunza hapa, ingawa kura tuliipata mapema. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inaamuru kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Miswada kadhaa ya kulitimiza sharti hilo ililetwa Bungeni ikaanguka. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu ya kosa hilo, Bunge halikuvunjwa. Uchaguzi wa mwaka wa 2022 ukafanyika, na sharti lilikuwa bado halijatimizwa. Hili ni deni la namna ile ile ya katiba ya Uswisi: limeandikwa, limetiwa sahihi, halijalipwa.

Na liko deni zito kuliko la viti. Tarehe 27 Januari mwaka wa 2024 maelfu ya wanawake, na wanaume pamoja nao, waliandamana katika Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, siku ya mwisho ya zile siku kumi na sita za kila mwaka za kupinga ukatili dhidi ya wanawake, waliandamana tena mjini Nairobi, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Waliodai kura waliweza kungoja miaka sitini wakiwa hai. Anayedai uhai hana miaka ya kungoja.

Kwa hiyo, msomaji wangu, siku utakapoona wanawake wakipita barabarani na mabango, usiwe mwepesi wa kuuliza kwa nini wanapita tena. Uliza wanadai nini, ahadi iliandikwa lini, ni nani aliyetia sahihi, na ni kiasi gani kimelipwa tangu mwaka jana. Ukipata majibu hayo utakuwa umefanya kazi ya mwanahistoria, na kazi ya raia pia. Ahadi ni deni, nasi sote tunajua dawa ya deni ni nini.